Mnyampala: Jina la Kazi Kutoka Njia ya Ugogo

Watu wawili wanaoitwa Mnyampala wakikutana, iwe hospitalini Mvumi au kwenye stendi ya mabasi Dodoma, swali huja lenyewe: sisi ni ndugu? Kila mmoja atataja baba, atataja babu, atataja kijiji, na mara nyingi hesabu hiyo haikutani popote. Wataagana wakiamini kwamba yupo babu mmoja wa zamani ambaye wote wawili wamemsahau.

Naona babu huyo si lazima awepo. Mnyampala ni jina la kazi, na jina la kazi halina chimbuko la mtu mmoja. Linazaliwa kila mahali ambapo kazi yenyewe ilikuwapo, kwa watu wasiojuana, katika miaka tofauti. Anayetaka kujua lilikotoka na lilivyosambaa inampasa aifuate kazi kwanza, damu baadaye. Na kazi hii ina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu leo neno lenyewe tumezoea kulisikia kwa sura yake ya pwani, nyapara, na kwa sifa mbaya.

Majina ya ukoo yanayotokana na kazi ni machache Tanzania. Kwingine yamejaa. Smith wa Kiingereza na Schmidt wa Kijerumani wote ni wahunzi; Haddad wa Kiarabu ni mhunzi, Najjar ni seremala; Wahindi waliohamia Afrika Mashariki walikuja na akina Mistry, yaani fundi, na akina Soni, yaani sonara. Kwetu mhunzi alikuwapo, tena mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa, lakini mwanawe hakuitwa Mhunzi kwa sababu hiyo tu. Mtoto aliitwa kwa jambo lililotokea alipozaliwa, au alirithi jina la babu, na siku alipotakiwa jina la pili alitaja la baba yake. Ugogoni, nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wa Dodoma, mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha anaweza kuitwa Matonya. Akikua na kupata watoto, wanawe watakuwa akina Matonya, na wajukuu wataandikishwa shuleni kwa jina hilo, mvua ile ikiwa imeshasahaulika.

Palipotokea jina la kazi katika nchi hii, mara nyingi lilitoka kwenye cheo, si kwenye ufundi wa mikono. Pwani na visiwani wako akina Akida, akina Jumbe, akina Nahodha. Rais wa pili wa Zanzibar, aliyeongoza kuanzia 1972 hadi 1984, alikuwa Aboud Jumbe. Waziri Kiongozi wa visiwa hivyo kuanzia 2000 hadi 2010 alikuwa Shamsi Vuai Nahodha. Majina haya yote yanataja mtu anayewasimamia wengine. Mnyampala yumo katika safu hiyohiyo, ila yeye ni wa bara, na watu aliowasimamia walitembea kwa miguu.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa halikwepeki. Katika Kisukuma, namhala ni mzee, na banamhala ni wazee wenye kauli katika jamii. Kinyamwezi, ndugu yake wa karibu, kinakwenda njia hiyohiyo. Katika Kigogo ni munyamphala, na wingi wake wanyamphala. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu cha Cattle and Kinship among the Gogo mwaka 1969, aliwakuta wanyamphala kuwa ni wazee tu: wenye kaya, wenye ng'ombe, wanaokaa chini kusikiliza shauri la mahari au ugomvi wa mipaka mpaka liishe. Hakuna kiboko katika neno hilo, wala daftari la mahudhurio. Kuna umri, kuna busara, na kuna uzito wa kauli ya mtu mbele ya wenzake.

Miaka zaidi ya mia moja kabla ya Rigby, mgeni mwingine alilisikia neno hilo katika nchi hiyohiyo. Richard Burton alivuka Ugogo mwaka 1857 akielekea Unyanyembe na baadaye Ziwa Tanganyika, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 alieleza utawala wa Wagogo alivyouona. Juu alikuwapo mtemi. Chini yake walikuwapo wazagila, wengi wao ndugu zake wa damu. Halafu walikuwapo washauri, yaani wazee na waheshimiwa wa kabila, na hao, akaandika, walichukua cheo cha Kinyamwezi cha wanyaphara. Kwa mtafuta asili ya jina, mstari huo mmoja una thamani kubwa. Unatuambia kwamba katikati ya karne ya 19 cheo hiki kilikuwa tayari kimetulia Ugogo, na kwamba mtu aliyepita huko alielezwa kuwa ni cha Kinyamwezi.

Burton aliongeza jambo jingine ambalo wengi hulipita haraka. Alisema mtemi wa Ugogo aliheshimiwa kiasi kwamba mgeni aliyethubutu kuwa na jina sawa na lake angeweza kuadhibiwa. Yaani jina la mtemi lililindwa. Nadhani hapa ndipo penye siri ya kwa nini cheo cha chini yake kiliweza kugeuka jina la watu wengi. Jina la mtemi lilikuwa la mmoja. Heshima ya mnyampala ilikuwa wazi kwa kila mzee aliyestahili, katika kila mtaa, na haikuwa na ulinzi wowote. Ukilinganisha na jina la Mazengo utaona tofauti. Mtemi Mazengo wa Mvumi alikuwa mtu mmoja, mashuhuri katika Ugogo nzima wakati wa Waingereza, na jina lake likapewa ile shule ya sekondari ya Dodoma iliyoitwa zamani Alliance, ambayo majengo yake tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ukilisikia Mazengo unajua anayekumbukwa ni nani. Ukisikia Mnyampala, unachokijua ni nafasi yake katika kikao.

Kwa nini cheo cha Kinyamwezi kilifika Ugogo? Jibu ni barabara. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo na shanga, na hakukuwa na namna ya kufika pwani kwa njia ya kati bila kupita Ugogo. Mvumi ipo palepale njia hiyo ilipoingia katika nchi ya Wagogo. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda milima ya Usagara, ukapumzika Mpwapwa, ukajaza vibuyu Chunyo, kisha ukaivuka Marenga Mkali, nyika kavu ambayo watu waliitembea usiku na mchana ili wasife kiu. Upande wa pili wa nyika hiyo, mji wa kwanza wenye maji, nafaka na mtawala wa kushughulika naye ulikuwa Mvumi. Henry Stanley alifika hapo Mei 1871, akiwa katika safari ya kumtafuta Livingstone, na aliandika kwa urefu habari za Mvumi mbili, ndogo na kubwa, na za hongo, yaani ushuru wa kupita, aliyodaiwa. Ile kubwa hadi leo inaitwa Mvumi Makulu, na ya pili inayojulikana zaidi siku hizi ni Mvumi Misheni, kilomita kama 40 kusini-mashariki ya mji wa Dodoma.

Wasafiri wa Kizungu waliiandika hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Inafaa tuione kwa jicho la mwenye kisima. Ugogo mvua ni chache, hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na baada ya hapo maji hupatikana kwa kuchimba. Msafara wa watu mia kadhaa ukipiga kambi siku tatu unaweza kukimaliza kisima ambacho mtaa mzima ulikitegemea kwa miezi. Hongo ilikuwa malipo ya maji hayo na ya kupita kwa amani, na ililipwa kwa doti za nguo, merikani na kaniki, na kwa shanga. Haikutajwa bei na kulipwa papo hapo. Ilizungumzwa, pengine kwa siku kadhaa: mtemi anataja kiasi, msafara unalia umaskini, nguo zinapelekwa, zinarudishwa kwa kuwa ni nyepesi, zinaongezwa.

Mazungumzo hayo yaliendeshwa na nani? Mtemi hakutoka kwenye tembe lake kubishana na wapita njia, na tajiri wa msafara naye mara nyingi alibaki hemani. Upande wa wenyeji walikuwapo wazee wa mtemi, wale ambao Burton aliwaita wanyaphara. Upande wa msafara walikuja wakuu wa wapagazi, nao wakiitwa wanyampara. Watu wa cheo kimoja, wenye jina moja la cheo, walikaa pande mbili za mzigo mmoja wa nguo. Wa kwanza alikuwa mzee wa nchi, wa pili mzee wa safari. Kwa maoni yangu mahali ambapo maana mbili za jina hili zilikutana na kuchanganyika ni hapa, kwenye vituo vya hongo kama Mvumi, wala si katika ofisi ya mkoloni yeyote.

Kazi ya mnyampara wa msafara inafaa kutazamwa kwa karibu. Mpagazi wa kawaida alibeba kiasi cha frasila mbili, kama kilo 32, pamoja na mkeka wake, chungu na silaha. Wapagazi waligawanyika katika kambi, yaani watu wanaopika na kula pamoja, wengi wao wa kijiji kimoja au wa ukoo mmoja. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia. Mnyampara alikaa na watu. Alijua nani ana homa na nani ana kidonda mguuni, akaugawa mzigo wa mgonjwa kwa wenzake. Alipokea posho, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, na akahakikisha haipunjwi. Tajiri akitaka mwendo wa siku mbili utembewe kwa siku moja, mnyampara ndiye aliyekwenda kumwambia kwamba watu hawatanyanyua mizigo kesho. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, amewaonyesha watu hawa kuwa ni wafanyakazi wa ujira wenye mila za kazi, wanaojua kugoma na kujadiliana. Katika mila hizo mnyampara wa Kinyamwezi alisema kwa niaba ya kambi yake. Katika misafara ya matajiri wa pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo: mnyampara aliteuliwa na mwenye mali, na alimwakilisha yeye zaidi kuliko watu.

Tofauti hiyo ya pwani na bara ndiyo iliyoamua mwelekeo wa neno. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ndani ya miaka tisa kazi ya upagazi wa njia ya kati ilikwisha. Msafara ulikufa, lakini msimamizi wake hakufa nao. Alihamia kwenye magenge ya reli yenyewe, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye barabara za serikali. Huko hakuchaguliwa na kambi wala hakuwa mzee wa mtu. Aliajiriwa na mwenye shamba ili ahesabu watu, apime kazi, na aamue kama siku ya mtu itiwe alama kwenye kipande chake au isitiwe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, na majeshi ya Waingereza kuingia Dodoma Julai 1916, pande zote mbili zilikusanya wapagazi kwa nguvu, na kila kundi liliwekewa msimamizi. Ile sauti iliyokuwa ikimwambia tajiri kwamba watu wamechoka sasa ilikuwa inawaambia watu kwamba tajiri hataki kusikia.

Hivyo ndivyo alivyopatikana nyapara anayejulikana leo. Katika magereza ya Tanzania nyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Kwenye mashamba na sehemu za ujenzi ni msimamizi asiyekaa chini wala asiyekuacha ukae. Mtu akilalamika kuhusu "unyapara" kazini, kila anayemsikia anaelewa bila kuuliza. Neno lilianza na mzee anayesikilizwa, likaishia kwa mtu anayeepukwa. Naliandika hili kwa masikitiko ya kweli, kwa sababu mtoto anayeitwa Mnyampala anaweza kutaniwa darasani kwa jina ambalo kwa babu zake lilikuwa heshima kamili, na mara nyingi hakuna mtu karibu wa kumweleza.

Historia ya namna hii si yetu peke yetu. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alibeba jina la ukoo lenye mkondo unaofanana kwa ajabu. Meyer, au Meier, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkubwa zaidi. Katika Ujerumani ya zamani lilikuwa cheo cha mtu aliyesimamia shamba na wapangaji kwa niaba ya bwana, baadaye likatumika hata kwa mkulima mpangaji wa kawaida, na hatimaye likawa jina la ukoo mahali pengi kwa wakati mmoja. Hakuna Mjerumani mwenye akili timamu anayedhani akina Meyer wote ni ukoo mmoja. Ukubwa ukawa usimamizi, usimamizi ukawa jina, na kila kijiji kilichokuwa na msimamizi kikatoa akina Meyer wake. Cheo cha mnyampala kilipita njia hiyohiyo, kwa haraka zaidi, na kwa sehemu kubwa kilifanya hivyo katika karne moja.

Cheo kinageukaje jina Ugogo? Njia ni zaidi ya moja, na zote zinaingia akilini mtu akizijua desturi za kutajana. Nyumbani mzee hatajwi ovyo kwa jina lake. Mkwe hamtaji baba mkwe kwa jina, na watoto humwita mzee kwa heshima waliyowasikia watu wazima wakimwita. Mtoto aliyekulia katika kaya ambamo babu yake ni "munyamphala" tu, asubuhi na jioni, atalishika hilo kuwa ndilo jina. Njia ya pili ni kurithi: mtoto anapewa jina la mzee aliyetangulia, na kinachorithiwa ni lile lililotamkwa zaidi. Njia ya tatu ni ile ya tukio: mtoto kuzaliwa siku ambayo wazee walikuwa kikaoni, au baba yake alipokuwa safarini chini ya mnyampara fulani. Katika njia hizi zote mwenye jina hahitaji hata kuwa amefanya kazi yenyewe.

Kilichobaki ni mtu wa kuliandika. Kwa Mvumi huyo alikuwa mwalimu wa misheni. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Mvumi ikawa kituo chao kikubwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwa na kanisa, shule na baadaye hospitali. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati iliundwa mwaka 1927. Upande wa Wakatoliki, kituo chenye jina kilikuwa Bihawana. Mwanafunzi alipofika alipewa au alikuwa tayari na jina la ubatizo, kisha akaulizwa la baba. Daftari lilihitaji majina mawili. Jibu lolote alilolitoa mtoto wa miaka minane siku hiyo, liwe jina la baba, la babu, au heshima aliyoizoea kuisikia, ndilo lililokuwa jina la ukoo, na wanawe na wajukuu wake wakalipokea kama kitu cha tangu na tangu. John Samuel Malecela, mtu wa Mvumi aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994, ana majina yaliyopangwa kwa mtindo huohuo wa daftari la misheni: ya kikristo mbele, la Kigogo mwisho.

Aliyelifanya jina la Mnyampala lijulikane nje ya Ugogo alikuwa mwandishi. Mathias E. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, jirani na mahali ambapo leo umejengwa Mji wa Serikali wa Mtumba. Aliwahi kuwa mwalimu, karani, liwali na hakimu. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu ambacho Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 1995. Mwaka 1961 alitoa Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, na mwaka 1963 Diwani ya Mnyampala. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 akawa miongoni mwa washairi waliobeba siasa mpya kwa njia ya ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1969. Wanafunzi wa Tanzania waliosoma ushairi wa Kiswahili walilifahamu jina hili kabla ya kujua kwamba Ugogo ni wapi.

Kile kitabu cha 1954 kinatufaa kwa namna nyingine pia. Mnyampala alikusanya habari za koo za Wagogo na pande zilikotoka, na picha inayopatikana ni ya watu waliokuja kutoka kila upande: Uhehe, Unyamwezi, Usagara na kwingineko, wakakutana kwenye uwanda huu na kuwa kabila moja. Ukoo kwa Kigogo ni mbeyu, na kila mbeyu ina masimulizi yake ya kutoka na kufika. Mnyampala si mbeyu. Hapo ndipo watafutaji wengi wa nasaba wanapopotea. Wanalichukua jina la daftari la shule na kulipa kazi ya mbeyu, wakati watu wawili wanaoitwa Mnyampala wanaweza kuwa wa mbeyu mbili zinazoweza kuoana, na watu wa mbeyu moja wakawa na majina matano tofauti kwenye vitambulisho vyao.

Sasa tutazame ramani. Lazima tutenganishe kuenea kwa neno na kuenea kwa jina, kwa sababu neno limefika mbali sana na jina limebaki karibu na nyumbani. Neno lilisafiri na misafara. Kaskazini-magharibi, Kiganda kina nampala, msimamizi wa kazi, na siku hizi vyombo vya habari vya Uganda vinamwita hivyo mbunge anayewasimamia wenzake wa upande wa serikali, ambaye Dodoma bungeni tunamwita mnadhimu. Kinyarwanda na Kirundi vina umunyampara, mkuu wa kundi la wafanyakazi. Kenya nyapara alijulikana mashambani. Ukizichora sehemu hizi unapata karibu njia zote za biashara ya karne ya 19, kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda na kurudi pwani. Katika sehemu hizi zote neno lilifika likiwa tayari limevaa nguo za msimamizi. Uzee ulibaki nyuma, Unyamwezi, Usukuma na Ugogo.

Jina la ukoo, kwa umbo hili la Mnyampala, ni la Ugogo. Lina l, kwa kuwa Kigogo hakina r ya asili, kama unavyoona katika Malecela, Mtetemelo na Mhogolo. Lina m kabla ya p, ambayo sura ya pwani ya nyapara imeidondosha. Herufi hizo mbili ni ushahidi bora kuliko simulizi nyingi za familia: jina liliandikwa kutoka mdomoni mwa mtu wa bara, kabla Kiswahili cha shamba na gereza hakijamfikia.

Kutoka Ugogo lilisukumwa nje na shida. Njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyotokana na majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, na mvua kukatika juu yake, ilitawanya watu kwenda popote palipokuwa na chakula. Baadaye mkonge wa Kilosa na Morogoro uliwavuta vijana waliotafuta fedha ya kodi. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu kutoka mitaa yao ya zamani na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, majirani wapya, orodha mpya. Kwa Mvumi yenyewe pigo kubwa lilikuja 1986. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973 na ulioondoa mifugo Kondoa mwaka 1979, uliamuru mifugo iondolewe pia katika tarafa ya Mvumi kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo. Makorongo yalikuwa makubwa kweli, na miti ilianza kurudi. Lakini kwa Mgogo mwenye ng'ombe, kuwaondoa ng'ombe ni kuondoa nusu ya kaya. Wengine waliwapeleka kwa jamaa nje ya tarafa, wengine waliondoka nao moja kwa moja, na majina ya Mvumi yakaenda nao.

Huko walikokwenda ndiko jina linapobadilika. Karani wa ugenini akisikia Mnyampala anaandika analolijua: Mnyapara, Nyapara, Nyampara. Anadhani anasahihisha matamshi ya bara. Kizazi kimoja baadaye ndugu wawili wa baba mmoja wana majina mawili kwenye vyeti vyao, na mmoja wao anaonekana kama ametoka kwenye ukoo wa wasimamizi wa shamba. Kinyume chake kinatokea pia: mtu ambaye babu yake alikuwa nyapara wa mkonge akaliandika jina kwa l baada ya kuhamia Dodoma, akaonekana Mgogo wa asili. Kwa hiyo anayeuliza kama ni ndugu wa Mnyampala mwenzake aanze kwa kuuliza mbeyu. Akipata tofauti, hana haja ya kuendelea. Akipata inayofanana, aulize babu aliishi mtaa gani kabla ya 1971, kwa maana vijiji vya sasa havisemi kitu juu ya hapo nyuma. Kisha aombe kuona cheti cha kwanza kabisa cha ubatizo au cha shule katika familia, maana herufi zilizoandikwa hapo ni za mtu aliyemsikia mzee mwenyewe.

Vyeti hivyo vinaoza. Vingi vimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, na madaftari ya zamani ya misheni hayatadumu milele. Wakati huohuo kila Mtanzania anaandikishwa upya kwa kitambulisho cha taifa, majina matatu, na kile kitakachoingia kwenye kompyuta ndicho kitakachorithiwa. Ninawaomba maofisa uandikishaji wa Chamwino, Kilosa, na popote watu wa Ugogo walipohamia: mzee akisema Mnyampala, andikeni Mnyampala, kwa m, kwa p na kwa l.